Miaka saba nikiwa Dada Maoni

Chumba chetu cha habari, hapa Dar es Salaam, kilikuwa na meza moja iliyotazama ukuta, pembeni ya friji. Hapo nilikaa kuanzia Machi 2011 hadi Julai 2018. Kazi yangu ilikuwa kusoma kila komenti iliyoandikwa chini ya habari za tovuti ya gazeti letu, kisha kubonyeza kimoja kati ya vitufe viwili: ruhusu au futa. Kwenye mkataba niliitwa mhariri msaidizi wa mtandao. Wenzangu waliniita Dada Maoni, na jina likaganda mpaka mlinzi wa getini akawa analitumia.

Siku ya kwanza mhariri aliniambia, "Hii kazi nyepesi dada, wewe unafagia tu." Sikumbishia. Nilikuwa nimekaa miezi minane bila kazi, ningekubali hata kufagia kwa ufagio wenyewe.

Mambo ya wasomaji kujibizana hayakuwa mageni kwangu. Marehemu baba, kule Tanga, alikuwa mshairi wa magazetini. Aliandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi yenye mistari, akabandika stempu, akapeleka posta, halafu nyumba nzima tukasubiri. Baada ya wiki tatu au nne shairi lilitoka Uhuru au Mzalendo, na wiki kadhaa mbele akajitokeza malenga wa Lindi au wa Bagamoyo kumjibu. Mwaka mmoja alishutumiwa kuiba beti za mtu ambaye hakuwahi hata kuonana naye. Akamaliza ugomvi kwa mstari mmoja: "Nguo uliyoazima, haisitiri matako." Sisi watoto tuliuimba uani mpaka mama akatufukuza. Ninapoukumbuka leo, ninachokiona ni kwamba ili umtusi mwenzako ilibidi upate mizani kumi na sita, vina vikae mahali pake, kisha tusi lenyewe likalale posta siku kumi. Hasira nyingi zilifia ndani ya bahasha.

Kwenye tovuti yetu hasira ilifika kabla mtu hajamaliza kusoma kichwa cha habari.

Siku ya kawaida niliingia nikakuta komenti mia mbili au tatu zinanisubiri. Za kwanza kabisa zilikuwa za wale wanaoandika "Wa kwanza leo!" na kuondoka zao. Walifuata waganga: nguvu za kiume, mvuto wa biashara, kumrudisha mume, piga namba hii. Mganga mmoja alibandika tangazo lake kwenye kila habari kwa miaka minne mfululizo, hata kwenye taarifa za misiba, na nilipomfungia alirudi kwa jina jingine kabla chai yangu haijapoa. Baada yao ndipo ulikutana na watu wenyewe. Siku ya Simba na Yanga sikunyanyuka mezani, wenzangu waliniletea wali pale pale.

Kilichonishangaza mapema ni uzito wa komenti ya kwanza. Iwapo ya juu kabisa ilikuwa tusi, thelathini zilizofuata zilikuwa matusi, hata kama habari ilihusu bei ya mbaazi. Iwapo ya juu ilikuwa swali la maana, walewale watu, kwa majina yaleyale ya kujibandika, waliulizana na kujibizana kama waungwana. Basi nikajifunza ujanja ambao hakuna aliyenifundisha: asubuhi nilitafuta kwanza komenti mbili tatu tulivu nikazitanguliza, na zile kali, ambazo hazikuvunja sheria yoyote, nikaziweka zisubiri nusu saa. Sikumwambia mhariri. Sijui kama ilikuwa haki. Mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri kutoa dukuduku lake, mimi naliweka benchi kwa sababu ana ulimi mkali.

Jambo la pili nililionea kwa mwandishi wetu mmoja wa michezo. Huyu alishuka mwenyewe chini ya habari zake akajibu: "Ndugu yangu, ni kweli, dakika ya goli nimeikosea, nimerekebisha." Watu walinywea. Aliyekuwa akimwita kanjanja dakika tano zilizopita alimwita kaka. Niliwaomba waandishi wengine wafanye hivyo hata mara moja kwa wiki. Jibu lao lilikuwa moja: hatuna muda wa kusoma wehu. Na wengi wao, nasema hili kwa upendo, hawakupenda kuambiwa wamekosea na mtu anayejiita jina la samaki.

Kulikuwa na mchangiaji tuliyempa sisi wenyewe jina la Mwalimu wa Reli. Hakuwahi kusema anafanya kazi gani. Alitokea tu kila tulipoandika habari za treni. Siku moja tulichapa kwamba mabehewa ya mizigo kutoka Kigoma yangepita moja kwa moja mpaka Zambia kwa njia ya TAZARA. Ndani ya saa moja akaandika: haiwezekani wakuu, Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA ina 1,067, behewa la huku halikai kule, ndiyo maana mzigo unahamishwa Kidatu. Nikaipeleka kwa mhariri wa habari. Akapiga simu mbili, akarudi uso umemwiva, tukarekebisha. Mwaka ule alituokoa mara sita, nilihesabu, na hatukuwahi kumlipa hata vocha.

Usiku ninaouota mpaka leo ni wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya Spice Islander I ilikuwa imeondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, ikazama usiku wa manane katika bahari ya Nungwi. Nilipigiwa simu kabla ya adhana. Mwandishi wetu wa Zanzibar alikuwa ametuma aya tatu fupi, tukaziweka.

Zilizoingia chini ya aya zile hazikuwa maoni. "Jamani kuna anayejua watu wa Wete waliopanda?" "Nipo Muscat, simu ya mama haipatikani tangu jana, mwenye habari za watu wa Mtambwe aniambie." Watu wa Pemba na Unguja wana ndugu Oman wa vizazi na vizazi, na usiku ule ilikuwa kama nusu yao wameamka wakakuta mlango mmoja tu ulio wazi. Mtu aliyekuwa ufukweni Nungwi akaanza kuandika majina aliyoyasikia yakiitwa. Mwingine akasema alimwona fulani bandarini Malindi jioni, lakini hakumwona akipanda. Niliacha kuchuja, nikawa naruhusu tu, macho yananiwasha. Katikati yao, kwenye foleni hiyohiyo, walikuwamo waliokuja kusema watu wa visiwani hivi na watu wa bara vile, huku maiti hazijatoka majini. Hao niliwafuta bila kuwasoma mpaka mwisho.

Saa nne asubuhi mhariri alisimama nyuma ya kiti changu akasema tuchukue majina yale tuyaweke kwenye habari kuu. Nikakataa, mara yangu ya kwanza kumkatalia. Tulibishana kwa sauti ya chini mpaka akaondoka amekasirika. Jioni yake, mtu ambaye asubuhi alikuwa ametajwa kuwa amekufa aliandika mwenyewe: "Mimi ni mzima, nipo Unguja, sikusafiri. Waambieni nyumbani wasitandike mkeka." Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kuiruhusu.

Miaka iliyofuata kazi ilinigeuza. Nyumbani mume wangu akinitumia ujumbe, kidole kilitafuta kitufe cha kufuta kabla sijausoma. Ndugu wakizungumza kwa sauti ya juu kwenye shughuli, nilikuwa napanga kichwani nani atangulie kusema na nani asubiri.

Wasichana wetu wa habari waliumia kuliko mimi. Mwandishi mmoja wa siasa alipita mezani kwangu kila jioni akiuliza, "Leo wamesemaje?" Nilimwambia wamejadili hoja. Uongo. Walijadili umbo lake, ndoa yake, na aliyemwingiza kazini. Aprili 2016 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapa hesabu ya komenti zake milioni 70: kati ya waandishi kumi waliotukanwa zaidi, wanane walikuwa wanawake, na wawili waliobaki walikuwa wanaume weusi. Nikamtafsiria. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe si mimi." Hakuniuliza tena wamesemaje.

Wakati huo sheria nazo zilikuwa zinabana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa, na kiini cha kesi kilikuwa taarifa za watu waliokuwa wakiandika kwenye mtandao wake, ambazo hakutaka kuzitoa. Chumba kizima kilitazama meza yangu siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa naona anwani za barua pepe za wachangiaji wetu, pamoja na ya Mwalimu wa Reli. Nilianza kulala na simu mkononi.

Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni: ukijulishwa kwamba kuna kitu kilichokatazwa, uwe umekiondoa ndani ya saa 12, na adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Zilikuja pia na ada ya leseni, na hiyo kampuni yetu ingeilipa. Zilizowatisha ni zile saa 12. Anayeshughulikia komenti alikuwa mmoja, na mmoja huyo usiku alikuwa analala. Niliomba tuwe watatu. Nikaambiwa bajeti hairuhusu. Juni mwaka huohuo JamiiForums wenyewe wakajizima kwa muda, na ofisini ikawa kama tumepata kibali cha kukata tamaa.

Kikao cha kuamua kama tufunge maoni kilikuwa Julai. Meneja wetu wa dijitali, kijana mwenye adabu sana, alileta projekta. Jarida la Popular Science walifunga maoni 2013. Shirika la habari la Reuters 2014. Afrika Kusini, News24 walifunga 2015. NPR, redio ya umma ya Marekani, Agosti 2016. Hawa wa mwisho walikuwa na hesabu nzuri na kijana aliipenda: Julai 2016 tovuti yao ilitembelewa na watu karibu milioni 33, komenti zikawa 491,000, lakini zote zimeandikwa na watu 19,400. Ni asilimia 0.06. "Wakubwa wamefunga," akasema, "sisi ni nani?"

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kusema kwamba barazani wasemaji ni watatu na wasikilizaji ishirini, na hakuna anayewahesabu ishirini kuwa hawapo. Ningeweza kusema kwamba New York Times, wenye watu 14 wa kusoma komenti kama 11,000 kwa siku, mwaka 2017 walitafuta mashine ya kuwasaidia kupanga foleni wakafungua maoni kwenye habari nyingi zaidi.

Nilikuwa pia na mfano wa Kenya, ambao kwangu ndio ufungaji wa heshima niliowahi kuusikia. Januari 2008, Wakenya wakiuana baada ya uchaguzi, jukwaa la Mashada lilijaa uchochezi wa kikabila. Mwenye jukwaa, David Kobia, alishindwa kulizuia akalizima. Lakini mahali pake akaweka ukurasa mwingine, I Have No Tribe, sina kabila, watu waje waandike. Wakaja. Mlango ulifungwa, na karibu yake ukafunguliwa mwingine.

Sikusema hata moja. Mhariri alipouliza nani anaunga mkono tufunge, nilinyoosha mkono. Labda nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na mtoto wa miezi tisa ambaye sikutaka akue akimwona mama yake anatazama simu kama mtu anayesubiri habari ya msiba. Tuliandika tangazo la sentensi mbili, la kuwashukuru wadau na kuwakaribisha kuendeleza mjadala Facebook. Siku ile ziliingia komenti za mwisho, nyingi za kututukana, nikaziruhusu zote. Ya Mwalimu wa Reli ilikuwa ya maneno manne: "Sawa wakuu. Kazi njema."

Wiki ya kwanza nililala kama gogo. Kisha nikahamishiwa ukurasa wa Facebook, nikaona tulichokifanya. Kule watu hawakusoma habari, walisoma kichwa chake na picha. Ile foleni ya kutanguliza watulivu sikuwa nayo tena, aliyetukana alionekana papo hapo, chini ya nembo yetu, na mimi nikawa naokota vipande baada ya chungu kuvunjika. Waliokuwa na staha hawakuja kabisa, hawakutaka kuandika maoni ya siasa kwa jina walilobatizwa, na picha ya harusi pembeni. Walihamia kwenye magrupu ya WhatsApp. Huko habari yetu ilifika kama picha ya skrini, imekatwa nusu, imezungushiwa duara jekundu, na alichosema msomaji juu yake hatukukisikia.

Septemba 2021 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba vyombo vya habari vinahesabika kuwa wachapishaji wa komenti za watu kwenye kurasa zao za Facebook, hivyo vinaweza kushtakiwa kwazo, na CNN wakawafungia Waaustralia ukurasa wao. Yule kijana wa projekta alinitumia habari hiyo bila neno lolote, na alama moja tu ya uso unaotoa jasho. Tulihama nyumba tukidhani deni limebaki kule.

Na makosa yalibaki makosa. Mwaka 2019 tulichapa upana wa reli mpya ya SGR kuwa milimita 1,345 badala ya 1,435, tarakimu mbili zimepishana. Niliigundua miezi saba baadaye nikitafuta kitu kingine. Kwa miezi saba hakuna aliyetuambia, na kufikia hapo nilikuwa nimeshaikuta namba yetu mbovu kwenye magazeti mawili mengine. Nilimwandikia Mwalimu wa Reli kwa anwani yake ya zamani, nikimwomba radhi sijui ya nini. Barua pepe ilirudi.

Mwaka 2020 tovuti ilijengwa upya. Habari za nyuma zilihamishwa, komenti hazikuhamishwa. Nilipomuuliza fundi alinijibu kwa upole kwamba hazikuwa kwenye orodha, na seva ya zamani ilikuwa imeshasitishwa. Sikulipa uzito. Niliona ni vumbi nililolifagia miaka saba, sasa mtu amelimwaga.

Mwaka mmoja baadaye nilipata ujumbe kutoka kwa mwanamke aliyeko Muscat. Alijitambulisha kwa heshima, akaniita dada ingawa kwa maelezo yake ni mkubwa kwangu, akaomba radhi kwa usumbufu. Alikuwa anatafuta ukurasa wa habari yetu ya Spice Islander, lakini akiufungua anakuta aya tatu tu, chini hakuna kitu. Mwaka 2011 aliuliza pale habari za kaka yake, na mtu asiyemfahamu akamjibu kwamba alimwona Malindi jioni ile, akaeleza alivyokuwa. Kaka hakupatikana. Sasa mtoto wa kaka amekuwa mkubwa, anauliza, naye anataka kumwonyesha.

Nilipiga simu kwa fundi. Nikapiga kwa mwingine aliyeacha kazi. Nikafungua flashi zangu zote za zamani. Kichwani nakumbuka komenti tatu za usiku ule zinazomtaja mwanamume bandarini Malindi. Mmoja alikuwa na kofia ya kiua, mmoja amebeba feni ndani ya boksi lake, mmoja ameketi juu ya gunia anacheka na wapagazi. Sijui yupi ni wa nani. Niliandika jibu lenye wote watatu, nikalifuta. Nikaandika lenye mmoja, nikalifuta haraka zaidi. Mwisho nikaona nimuulize kwanza yeye, pengine angenisaidia kuwatenganisha: kaka yake siku ile alikuwa amevaa nini, na alikuwa amebeba nini?

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Sijui, dada. Mimi nilikuwa huku. Ndiyo maana naitafuta."